Filamu ya Kiswidi Tuliyoipiga Kawe

Filamu yetu ilikuwa na maneno machache kuliko filamu yoyote iliyowahi kuonyeshwa Mwananyamala. Kaka yangu, aliyekuwa stelingi, yaani mhusika mkuu, hakusema hata neno moja tangu mwanzo hadi mwisho. Shangazi yetu alisema mawili, na hayo mawili hayakuwamo kwenye mpango. Ilikuwa fupi, haikufika muda wa kupika wali ukaiva, lakini hadi leo nikikutana na mtu aliyeishi mtaa ule miaka ya mwanzo ya tisini, wakati Tanzania Bara bado haijapata kituo cha televisheni, ataniuliza habari za nyumbani, kisha ataniuliza, "Na ule mlango mliurudisha?"

Tuliurudisha. Lakini habari yenyewe inaanzia kwenye koo la kaka.

Kaka alikuwa mtafsiri wa banda la video. Banda lilikuwa chumba kirefu cha matofali kilichoezekwa mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi yamepangwa hadi ukutani, na mbele kabisa televisheni moja ya rangi imepandishwa juu ya meza mbili ili na wa nyuma waone. Mikanda ilikuwa ya Kihindi, ya Kichina na ya Kimarekani. Wengi waliokaa kwenye mabenchi hawakujua Kihindi wala Kichina, na Kiingereza cha wale askari wa Kimarekani kiliwapita kasi. Kwa hiyo kando ya televisheni aliketi mtu mwenye maiki, akawasemea watu wote waliomo kwenye filamu: baba, mama, jambazi, mtoto, na mbwa kama yupo.

Kaka hakujua Kichina. Hilo halikumzuia. Asubuhi aliuangalia mkanda peke yake, akaelewa nani amemkosea nani, na mchana akawagawia wote ndugu, mitaa na kazi. Bwana mmoja wa karate mwenye ndevu nyeupe alimfanya fundi cherehani wa Manzese aliyedhulumiwa kiwanja, na watu walirudi kesho yake kujua kiwanja kimefikia wapi. Alikuwa na maneno yake ambayo mtaa mzima uliyajua. Filamu ikipoa alisema, "Tulieni, tulieni, stelingi anawaza." Akitokea mtu mwenye sura ya upole, "Huyu msimwamini, mtaniambia." Na mtu yeyote akiingia nyumba ya mwenzake, hata akiwa jambazi aliyepitia dirishani na bunduki mkononi, kaka alimpigia hodi, na banda zima likaitikia karibu.

Mie nilikuwa nakaa mlangoni kwenye kigoda. Wanawake hatukuwa tunaingia sana mle ndani, ila dada wa mtafsiri aliachiwa. Nilikuwa nimeanza kuandika habari ndogo ndogo kwenye gazeti moja la kila wiki, habari za mabomba yaliyopasuka na mikutano ya wazazi, na nilijifunza kuandika kwa kumsikiliza kaka, maana yeye alijua ni wakati gani watu wanaanza kuchoka.

Masika ya mwaka ule ndiyo yaliyommaliza. Mvua ikipiga juu ya mabati, maiki haisikiki, na kaka hakuwa mtu wa kumwacha mteja asikie nusu. Alipiga kelele msimu mzima, maonyesho matatu kwa siku. Siku moja alifungua kinywa amsemee mama mmoja wa Kihindi aliyempoteza mwanawe, ikatoka sauti kama ya kiatu kinachoburutwa kwenye changarawe. Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha wake.

Daktari wa koo alimkagua akasema nyuzi za sauti zimevimba. Dawa yake ni kimya, mwezi mzima. Asiseme, asiimbe, hata asinong'one, kwa sababu kunong'ona kunaumiza zaidi ya kusema.

"Na baada ya mwezi?" nikamuuliza mie, maana kaka alikuwa ameshaanza kutii.

"Tutaona," akasema daktari.

Ni hilo "tutaona" ndilo tulilorudi nalo nyumbani. Kaka alikuwa ameachishwa kiwandani pale viwanda vilipoanza kupunguza watu, na kazi ya maiki ndiyo iliyomwokota. Ilikuwa pia kazi pekee niliyowahi kumwona akiiamkia bila kuamshwa.

Mwenye banda alikuja kumjulia hali siku ile ile. Alikuwa mzee wa Kizaramo, mpole, ambaye mtaa mzima tulimwita Mjomba. Aliketi barazani, akakataa chai mara mbili, akaipokea mara ya tatu, ndipo akasema.

"Nafasi yako mie siitupi, mwanangu. Lakini banda haliwezi kukaa bubu. Kuna bwana mmoja wa Temeke nimemwomba ashike. Mwezi ukiisha wewe utarudi kukaa pale, wateja wenyewe watasikiliza. Sauti ikiwa ipo, kiti chako. Ikiwa haipo, au wakiwa wamemzoea yule, utanisamehe."

Kaka akaitika kwa kichwa. Hakukuwa na uonevu katika maneno yale, na hilo ndilo lililoyafanya yawe mazito.

Nilikwenda kumsikiliza bwana wa Temeke nikitumaini atakuwa mbaya. Hakuwa mbaya. Alikuwa na sauti kubwa na kicheko cha kuambukiza, na bunduki aliziiga kwa mdomo hadi watu wakainama. Hodi hakupiga. Niliporudi nyumbani kaka alinikazia macho, na sikuona sababu ya kumdanganya.

"Yuko vizuri," nikamwambia. "Ila watu wake wanaingia nyumba za wenzao kama ng'ombe."

Akatabasamu kidogo, akaenda kulala mchana.

Kimya kilimpa tabu shangazi kuliko kilivyompa kaka. Shangazi ndiye aliyetulea, na katika nyumba yake kutoitikia salamu lilikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja sahani. Kaka akikaa barazani, wapita njia walimsalimu, naye akainua mkono tu. Shangazi akawa anamwitikia kutoka jikoni: "Hajambo, anawasalimu sana." Wengine walielewa, wengine wakaenda zao wakisema yule kijana wa kideo siku hizi anaringa. Tulimpa kibao cha shule na chaki, lakini mtu aliyezoea kusema ya mbwa na ya jambazi kwa pumzi moja hawezi kuridhika na kibao.

Karibu na kwetu alikuwapo mpiga video wa harusi, rafiki ya kaka tangu utotoni. Wiki ile Mjomba alimletea sanduku la mikanda. Alikuwa ameinunua pamoja na deki ya kuchezea mikanda kutoka kwa familia moja ya Waswidi waliokaa Kawe, mume akifanya kazi ya visima, ambao mkataba wao uliisha wakauza vitu. Mjomba aliangalia mkanda mmoja kwa muda mfupi, akaamua kwamba ifutwe yote irekodiwe harusi. Mpiga video akatuita tuangalie kwanza, isije ikawa tunafuta kitu kizuri.

Tulikwenda wote watatu, na shangazi akabeba mboga yake ya kuchambua.

Mkanda ulianza na ziwa. Tukaliangalia lile ziwa. Kisha mwanamke aliyevaa nguo nyeusi akaingia chumbani alimokaa mwanamume, akaenda moja kwa moja dirishani, akasimama amempa mgongo. Mwanamume akaitazama mikono yake.

"Wamegombana?" akauliza shangazi.

"Bado hatujajua, shangazi," akasema mpiga video.

"Mbona hajamsalimia? Katoka nje, kamkuta mtu ndani, hata hujambo?"

"Pengine wana msiba."

"Msiba gani wa watu wawili?"

Tukangoja. Mwishowe yule mwanamume akasema kitu, na chini yakatokea maandishi ya Kiingereza. Mie ndiye niliyekuwa msomaji.

"Anasema, 'Baridi imewahi mwaka huu.'"

"Na mke?"

"Mke anasema, 'Kila mwaka unasema hivyo.'"

"Haya, kisha?"

"Basi. Wamenyamaza tena."

Shangazi akaweka kisu chini. "Hawa watu wangeoana mtaani kwetu, majirani wangeshaingia zamani."

Kaka alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanaruka, mkono mmoja ameushika kooni kujizuia. Kisha nikamwona ameacha kucheka. Akajongea mbele. Akaonyesha kwa kidole mkanda urudishwe, akauangalia tena vile alivyokuwa akiiangalia ya Kichina asubuhi, kichwa amekiinamisha upande. Tuliangalia mikanda mitatu. Katika yote watu walikaa kimya, na kimya chao hakuna aliyekiita ugonjwa wala maringo. Jua lilipokuwa linashuka kaka akachukua kibao chake, akaandika: *Hii kazi naiweza.*

Alitaka tupige yetu. Mwanzoni nilidhani ni utani, na ulikuwa utani kweli, lakini alikuwa ameupigia hesabu. Tungemwomba Mjomba aionyeshe Jumapili kabla ya filamu kubwa. Wateja wangemwona usoni, wakacheka, wasimsahau kabla mwezi haujaisha. Mpiga video hakuwa na harusi wiki ile. Mie nilipewa kupanga, kwa kuwa ndiye niliyejulikana kwa kupanga.

Nikatazama tena ile mikanda ili nijue Mswidi hutengeneza filamu kwa vitu gani. Lazima pawe na maji, na maji tungeyapata ufukweni Kawe. Lazima mtu ampe mwenzake mgongo. Pawe na chakula ambacho hakuna anayekila. Kaka akaongeza kwa chaki: *mlango*. Ni kweli, kila mkanda ulikuwa na mlango ambao mtu anasimama mbele yake asiingie.

"Nyumba tutaipata wapi huko Kawe?" nikamuuliza.

Akafuta, akaandika tena: *mlango tu*.

Fundi seremala wa mtaa wa pili alikuwa amemaliza mlango wa mninga na fremu yake, anangoja mwenyewe aje kuuchukua Jumatatu. Alitusikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: mlango wenyewe utaigiza nini. Nikamwambia utasimama. Akasema basi hauwezi kuharibika, akatupa.

Tulikwenda Kawe asubuhi ya mawingu kwa pikapu iliyokuwa ikibeba wapiga matarumbeta wa harusi. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga uko wazi na bapa, hauna rangi ya kuelezeka, kama ulivyotakiwa. Tukauchimbia mlango katikati ya ufukwe, tukaukaza na mbao mbili kwa nyuma. Upande wake mmoja bahari, upande wa pili mchanga mtupu, kulia na kushoto hakuna ukuta. Kaka akakaa upande wa bahari kwenye kiti cha jikoni, kisahani mapajani, yai la kuchemsha juu yake. Shangazi akasimama na buibui lake hatua chache kutoka kwake, uso baharini. Nguo ya filamu haikuhitaji kutafutwa.

Tabu ya kwanza ilikuwa mpiga video mwenyewe. Mikono yake ilikuwa imejifunza harusi.

"Shangazi, tabasamu kidogo."

"Asitabasamu," nikasema.

"Basi ageuke nimwone."

"Asigeuke."

"Sasa mie napiga nini?"

"Mgongo."

"Mgongo," akarudia, kama mtu aliyeambiwa apike mawe. Lakini akapiga.

Tabu ya pili ilikuwa salamu. Kamera ilipoanza kurekodi akapita kijana na ndoo ya dagaa. "Habari za saa hizi?" Shangazi, mgongo bado ameugeuza vizuri kabisa, akajibu, "Nzuri, za kwako?" Tukarudia. Akapita mama na mwanawe mgongoni. "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu. Huyo mtoto mfunike kichwa, upepo huu."

"Shangazi," nikamwambia, "leo sie Waswidi. Hatuitikii."

"Waswidi nyie. Mie mtu kanisalimu."

"Kidogo tu, shangazi. Kwa ajili ya huyu."

Akamtazama kaka pale kitini, akavuta pumzi. "Haya. Nitawaitikia moyoni."

Mara ya tatu kila kitu kilikaa sawa. Kaka akaanza kumenya yai, polepole, kipande baada ya kipande, macho yakiwa mbali. Shangazi hatikisiki. Upepo ukalichezea buibui. Nikamwashiria mpiga video asikate, kwa kuwa wale Waswidi hawakuwa na haraka, na mie mwenyewe nikafunga mikono kifuani nikanyamaza.

Ndipo wakatokea, kutoka upande wa njia, mzee mmoja aliyevaa msuli na fulana na wanawake wawili wenye ndoo za samaki. Wakasimama mbali kidogo. Nikaona wanavyotuona: mwanamke wa makamo katika nyeusi anaikodolea bahari, kijana kimya na chakula asichokila, binti amefunga mikono, na mtu wa video, maana misiba nayo ilikuwa imeanza kupigwa video siku zile. Na bahari mbele yetu, ambayo watu wa pale waliijua inachoweza kuchukua. Wanawake wakaweka ndoo chini. Mzee akavua ndala zake.

Angeweza kupita popote. Ufukwe wote ulikuwa wazi. Lakini alikuja hadi mbele ya mlango wa fundi seremala, akasimama, akasema kwa sauti ya chini:

"Hodi."

"Karibu," akasema shangazi bila kugeuka.

Mzee akashika kitasa, akafungua, akapita, akawashikia mlango wale wanawake, nao wakavua ndala zao nje wakapita. Akauacha wazi. Akaja kukaa mchangani kando ya kiti cha kaka.

"Poleni sana."

Kaka hakuweza kujibu, na kwa mujibu wa daktari hakuruhusiwa. Shangazi akajibu kwa niaba, kama alivyozoea: "Tumeshapoa."

Baada ya hapo hakuna aliyesema. Wanawake wakaenda upande wa shangazi, mmoja akamwekea mkono mgongoni. Kwenye ngalawa zilizovutwa mchangani watu wakaona watu wamekaa, wakaja. Akaja muuza kahawa na birika lake. Wakaja vijana wawili waliokuwa wakishona nyavu. Wote walipita mlangoni, mmoja mmoja, na wote waliacha viatu nje yake, hadi ikawepo safu ya ndala mchangani mbele ya nyumba isiyokuwapo. Wanaume wakakaa kwa kaka, wanawake kwa shangazi, bila mtu kuwapanga.

Kaka alikuwa anakufa kwa kicheko. Aliuma midomo, akafunika uso kwa kiganja, machozi yakapita katikati ya vidole, mabega yakatikisika. Sauti hakuitoa. Mzee akamshika mkono. Kisha akakichukua kile kisahani mapajani mwake, taratibu, akakiweka kando mchangani, jinsi unavyomwondolea mfiwa chakula ambacho hawezi kukila.

Mpiga video alikuwa haambiliki tena. Amepata umati, amepata nyuso, amepata miguu. Alipita kwa kila mmoja, akashuka kwenye ndala, akapanda kwenye mkono wa mzee juu ya mkono wa kaka. Nikamwacha hadi nikaona mwanamke wa ndoo anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Hapo nikamwashiria akate.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nani katutoka?"

"Hajatutoka mtu, mzee. Tunapiga kideo."

Wakanitazama wote.

"Kideo gani watu hawasemi?" akauliza yule mwanamke.

"Cha Kiswidi, mama."

"Na huyu analia nini?"

"Anacheka. Ila hawezi kutoa sauti, daktari kamkataza kusema mwezi mzima. Na kazi yake ni kusema. Ni mtafsiri wa banda la video, kuna mwingine kashika nafasi yake, hatujui kama atarudishiwa."

Muuza kahawa alikuwa wa kwanza kucheka, kisha vijana wa nyavu. Mzee hakucheka mara moja. Alikuwa bado ameushika mkono wa kaka.

"Mwezi mzima?" akamuuliza.

Kaka akaitika kwa kichwa.

"Basi pole yetu haijapotea," mzee akasema. "Pole sana, mwanangu."

Nikamwona kaka ameacha kucheka kabisa.

"Mie nishalia," akasema mwanamke wa ndoo. "Machozi yangu nayarudishaje? Haya, na sie tutaonekana?"

"Mtaonekana wote."

"Na ndoo?"

"Na ndoo, mama."

Miaka mingi baadaye, katika kazi yangu ya uandishi, nilimsimulia Mswidi mmoja habari hii mezani. Alicheka kwa mabega tu, kama kaka. Kisha akafikiri, akaniuliza kwa nini yule mzee hakuzunguka wakati hapakuwa na ukuta. Nikamwambia palikuwa na mlango.

Mjomba alikubali tuionyeshe Jumapili ile. "Lakini fupi," akasema. Tuliingia na shangazi, ambaye hakuwahi kukanyaga banda lile, tukakaa karibu na pazia la mlangoni. Kaka hakukaa. Alisimama nyuma kabisa, ameegemea ukuta. Bwana wa Temeke alikuwa kwenye kiti na maiki yake.

"Sista, hii naitafsirije?" akaniuliza.

"Haina cha kutafsiri, bwana."

Akailaza maiki mapajani, akatazama kama wengine.

Bahari ikatokea. Wakaitazama.

"Mkanda umekwama," mtu akalalamika.

"Haujakwama, huoni mawimbi yanatembea?"

Kisha ukatokea uso wa kaka, na banda likaguna. Wengi hawakuwa wamemwona tangu masika. Alimenya yai, akamenya, na hakuna sauti iliyotoka kwenye spika. Ni kitu kigumu, kimya katika chumba kile. Niliona vichwa vinageukiana. Na kutoka benchi la katikati mpakia mizigo mmoja, mteja wa kila siku, akasema kwa sauti nzito ya kuiga:

"Tulieni, tulieni, stelingi anawaza."

Banda likalipuka. Kuanzia hapo hawakungoja kutafsiriwa. Mmoja akasema stelingi anawaza kile kiwanja cha Manzese. Mwingine akalisemea yai. Shangazi alipoonekana, buibui linapepea, watu kama watano wakasema kwa pamoja, "Huyu msimwamini, mtaniambia."

"Mie?" akasema shangazi pembeni yangu, amefurahi waziwazi.

Mzee akafika mlangoni, akapiga hodi, na sauti ya shangazi kwenye mkanda haikusikika kabisa kwa jinsi banda zima lilivyoitikia. Kisha, zilipoonekana ndala, kicheko kikashuka chenyewe. Mzee alipoondoa kisahani, mtu wa mbele akanyamazisha wenzake. Mkanda ukaisha kwa mkono ule juu ya mkono. Watu wakageuka nyuma kumtafuta mwenyewe.

Walimzunguka. Nikawaeleza habari ya koo, mmoja mmoja, hadi koo langu nalo likakauka.

"Braza, sie tulisema umeacha kazi kwa maringo," mpakia mizigo akamwambia. "Tusamehe, aisee."

Filamu kubwa ilipoanza, bwana wa Temeke aliendelea na kazi yake vizuri kama kawaida. Ila jambazi wa kwanza alipofika kwenye nyumba ya watu, alisita, akatupa jicho nyuma ya banda, akasema kwenye maiki, "Hodi humu ndani."

Filamu yetu haikumponya kaka, na wala haikumrudishia kiti. Ilifanya kazi tuliyoituma, ya kuwafanya watu wamngoje. Mwezi ulipoisha daktari alimchungulia akasema uvimbe umekwisha, asipige kelele tena, onyesho moja kwa siku linatosha. Lakini nyumbani kaka hakutaka kusema chochote zaidi ya "naam" na "bado". Sauti alikuwa anaitunzia Jumapili ya majaribio. Hata sisi hatukujua sauti iliyobaki ni ipi.

Jumapili ile banda lilijaa hadi magunia ya madirishani yakainuliwa na vichwa. Bwana wa Temeke akampisha kiti, akampa maiki, akaenda kukaa benchi la kwanza. Mjomba akaacha tiketi zake nje, akaja kusimama kwenye pazia. Wateja wakasema wanataka kwanza ile ya Kiswidi.

Bahari ikatokea. Kaka alikaa na maiki mkononi, hasemi. Yai likamenywa, hasemi. Hakuna aliyemwiga safari hii, hakuna aliyetoa mzaha. Shangazi alikuwa amenishika kifundo cha mkono, ananiumiza. Nilimtazama kaka kooni, nikaona panapanda panashuka.

Mzee akavua ndala. Akaja hadi mlangoni.

"Hodi," akasema kwenye mkanda.

Hapo hapo mpiga video akashusha sauti ya televisheni, kwa hiyo shangazi hakusikika. Na banda zima, ambalo miaka yote liliitikia, likanyamaza likamngoja.

Kaka akainua maiki.

"Karibu," akasema. Ilikuwa sauti nyingine, nzito kuliko ile tuliyoizoea, imekwaruza kidogo pembeni, lakini ilifika hadi kwenye vichwa vya madirishani.

Mjomba akaachia pazia, akarudi nje kuendelea kukata tiketi.